Maziwa ya Bhuri Hayapandi Basi

Asubuhi ile habari ilitangulia chai kwenye kibanda cha Kharaiti, pale linaposimama basi la kwenda mjini Rohtak: mjukuu wa Mzee Samli, mtoto wa siku nane, amelazwa hospitali huko Rohtak na madaktari wamemkataza maziwa. Hata ya mama yake.

Mzee Samli, mwenye nyati tisa wa maziwa, alikuwa benchini akisubiri basi. Amekumbatia kopo la maziwa ya Bhuri, nyati anayempenda kuliko sisi sote. Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu, alikwisha kumpa baraka: ya mama yakimkataa mtoto, dawa ni ya nyati.

Kompaunda, aliyegawa dawa zahanati miaka thelathini, akaweka gilasi chini.

"Mzee, ukimpa hayo unamzika."

"Bhuri hajawahi kumdhuru mtu."

"Bhuri hana kosa. Sukari ya maziwa ikifika tumboni inakatwa vipande viwili. Kimoja ndiyo galaktosi, na ini lina vimeng'enya vya kuigeuza mpaka mwili uweze kuitumia. Mjukuu wako kimeng'enya kimoja hana."

"Ukoo mzima tumelelewa kwa maziwa, bwana."

"Mashine ya kiwanda cha sukari ilipokufa, si miwa ilirundikana getini mpaka ikaoza? Basi galaktosi nayo inarundikana hivyo kwenye damu. Ini linaharibika, macho yanaingia ukungu."

Wakili akashauri kimeng'enya kitafutwe hata kwa magendo.

"Hakiuzwi," Kompaunda akamjibu. "Mtu anazaliwa nacho, kama aibu. Ndiyo maana wewe huna."

Tulicheka, ila Mzee Samli hakucheka. Alizidi kulikumbatia kopo.

"Sasa atakula nini?"

"Maziwa ya soya."

Kila mtu akainamia gilasi yake. Mzee huyu huyu mwaka juzi alivunja posa ya binti yake kwa sababu ukweni walimkaribisha chai ya maziwa ya soya. Aliyaita maji ya kuoshea dengu, tena mbele ya duka la Rohtak linaloyauza, mpaka kijiji kizima kikasikia.

Basi likapiga honi. Mzee akaliweka kopo la Bhuri mezani kwa Kharaiti, akatuambia tunywe. Alipofika mlangoni mwa basi akageuka.

"Kompaunda, twende wote."

"Nikafanye nini, mzee?"

"Ukanunue hayo maji ya dengu. Mimi dukani wananijua."