Amri ya Kuzima Dirisha la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi, nchi hii haina aliyezaliwa. Vyeti vyote vya kuzaliwa hupitia kompyuta kubwa ya ofisi yetu, na chumba chake nakitunza mimi. Nafuta vumbi, nabadilisha karatasi za printa. Mpwa wangu ndiye msimamizi wa mitambo, sawa, lakini nani alimbeba mgongoni? Ijumaa muda wake wa majaribio unaisha. Mtandao ukisimama wiki hii, kazi hana.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa dirisha la tatu kaniita mzee wa kitambaa. Mbele ya wateja! Nimeendelea kufuta vumbi. Mimi niliyewahi kumkodolea simba macho hadi akaona haya. Lakini nimeshaona mpwa anavyozima kompyuta za madirishani: amri, jina la mashine, kitufe. Nimeandika kiganjani. Nitazima ya karani, ahaha, kisha niiwashe. Atanishukuru kwa magoti.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa kaitwa kikaoni, skrini kaiacha wazi. Majina kibao. La dirisha la tatu sikulijua, nikachagua la juu kabisa. Huwezi kumgusa mdogo kabla ya kumwamkia mkubwa. Nikabonyeza.
Madirisha yote tisa kimya! Kumbe wote wananing'inia kwa huyo mkubwa, pamoja na skrini niliyokalia. Nikaandika amri ya kuwasha. Wapi! Hata herufi haikutokea.
Mama mmoja alikuwa anasubiri cheti, mwanawe apokelewe hospitali. Alikaa sakafuni, akamfunika mtoto kwa kanga. Sikuweza kumtazama.
Mpwa aliwasha kutoka kwenye kompyuta kubwa yenyewe, baada ya saa nzima. Bosi akauliza ni nani. Mpwa akasema, "Ni mimi. Niliacha skrini wazi." Hakunitaja.

Alhamisi, 6 Machi
Mpwa hakula. Dada yangu, mama yake, akaniuliza kulikoni. Nikasema radi.

Ijumaa, 7 Machi
Kaongezewa miezi mitatu ya majaribio. Akaniambia taratibu, "Mjomba, nakuomba. Usiguse tena." Nikaapa.
Ila nimewaza. Mitambo ikizimika tena, nikaiwasha mwenyewe mbele ya bosi, sifa si zitamrudia mpwa? Tatizo, kabadilisha neno la siri. Nimejaribu mara tatu, akaunti yake ikajifunga.
Mara zote tatu niliandika jina langu. Nilidhani ndilo angechagua.