Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Wilaya

Leo nimepatikana, jamani, na aliyenipata ni mama yangu mzazi.

Mnajua nilivyowasumbua humu na wimbo wangu. Wilaya yetu ilitaka wimbo rasmi, ule wa kuimbwa shuleni na mikutanoni watu wakiwa wamesimama wima. Tangazo lilisema wimbo utaje neema za kwetu. Nikakaa kuzitafuta. Nikapata zabibu. Nikapata mtama. Basi. Ubeti wa pili ukabaki mtupu, nikaujaza "maji yetu matamu". (Wanaokijua kijiji chetu wameshaanza kuguna. Sabuni haitoi povu, na chai yetu ina ladha ya mchuzi.)

Wimbo ukaingia hatua ya mwisho. Leo asubuhi kamati ikaja kijijini kuusikiliza. Mama alifurahi kuliko mimi, lakini si kwa ajili ya wimbo. Viongozi kufika kwetu ni nadra, na wanawake walikuwa wamemchagua awaombee bomba. Mguu wake mmoja umeharibika kwa safari za kisimani, na hilo linaniuma kweli.

Watoto wa shule wakaimba. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasimama akatangaza kwamba kuanzia leo huo ndio wimbo wa wilaya. Makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu (kisomo cha chuoni Chimwaga hicho).

Mama akanyoosha mkono. Pembeni yake ilikuwepo ndoo aliyotoka nayo kisimani.

"Shikamoo mama," mwenyekiti akasema.

"Marahaba. Sisi tunaomba bomba. Maji yetu ni chumvi tupu."

Mwenyekiti akatazama karatasi. "Lakini mama, wimbo wenu unasema ni matamu. Tumeupitisha sasa hivi." Akanigeukia. "Mtunzi, tusaidie. Ni matamu au si matamu?"

Nikisema ni chumvi, wimbo unakufa. Nikisema matamu, bomba linakufa. Nilikuwa bado nawaza, mdomo ukatangulia.

"Matamu," nikasema.

Mama hakubishana. Alichota kikombe kwenye ndoo yake, akaniletea mbele za watu. "Kunywa, mwanangu."

Nikapiga funda moja. Likapita. Nikatabasamu. (Tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.)

"Maliza," mama akasema.

Funda la pili likakataa. Likatokea puani, likailowesha karatasi ya wimbo na miwani ya mwenyekiti. Hata wa kucheka hakuwepo, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti akafuta miwani taratibu. "Wimbo umeshapita, hatuwezi kuurudisha. Na hilo bomba, mama, nitaliombaje huko juu wakati wimbo rasmi unasema hivi?"

Wanakamati wakataka wimbo uimbwe tena kwa kuagana. Mama alikuwa ameshajitwisha ndoo, anaondoka. Mwalimu mkuu akamwambia, "Simama kwanza mama, ni wimbo wa wilaya." Akasimama wima, ndoo kichwani, mguu ule mbovu ukitetemeka, mpaka ubeti wa pili ukaisha.

Basi msinicheke. Haya naandika nikiwa kwenye foleni ya kisima, ndoo mbili miguuni, maana mama amesema maji matamu akayachote aliyeyatunga.