Pipa la Majembe

Jumatatu, 5 Mei
Tajiri amepiga simu kutoka Migori. Kesho saa mbili asubuhi afisa wa usalama kazini atafika hapa shambani, Lambwe, kukagua zana. Mambo yakienda sawa, nabaki nyapara. Yakiharibika, funguo za stoo zinakwenda kwa Mellen. Mellen! Mpalizi niliyemfundisha darasa la nne, na hakuwahi kunyamaza.

Majembe ni ishirini na mawili. Kumi na manne yanacheza kwenye mipini. Wiki iliyopita moja lilichomoka likamkata mpalizi Okari muundi. Amelazwa Homa Bay. Mellen anadai mipini mipya. Nilimjibu kwamba marehemu baba alilima miaka arobaini kwa mpini mmoja. Akauliza, mbele ya watu, kama mzee alizikwa na vidole vyote vya miguu. Utovu wa adabu! (Alizikwa na vinane.)

Nimepata njia. Mti ukilowa huvimba. Jioni nimeyatumbukiza yote kwenye pipa la maji.

Jumanne, 6 Mei
Saa moja. Yamekaza! Hata ndovu hayachomoi. Nimeyapanga juani kwa safu mbili zilizonyooka. Ole wake atakayeyagusa.

Saa mbili. Afisa hayupo. Saa nne. Hayupo. Jua kali.

Alifika saa saba, Bi. Scovia, gari limejaa tope. Akasifu safu zangu. Kisha akaomba mtu alime kidogo. Mellen akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba bingwa wetu ni mwalimu. Wapalizi wakapiga makofi: mwalimu, mwalimu! Ningekataaje?

Nikainua. Mpini ulishuka mbele. Jembe lilishuka mguuni.

Jumatano, 7 Mei
Hospitalini, Homa Bay. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekatwa. Vimebaki tisa. Bado nampita baba.

Kitanda cha jirani ni cha Okari. Aliniambia karibu, nyapara. Hakucheka. Kidonda chake kimetunga usaha, na daktari hasemi kama atalima tena. Ana watoto watano. Nilitazama ukuta hadi chakula cha jioni.

Ijumaa, 9 Mei
Mellen alimletea Okari uji. Mimi nikapata uliobaki. Afisa amesimamisha kazi hadi kila jembe litiwe mpini mpya, atarudi Jumatatu. Funguo zinaning'inia kiunoni mwa Mellen. Alisema mipini imeshachongwa.

Nikamwonya asipoteze mbao. Kosa letu lilikuwa muda tu. Ayaloweke siku mbili, ayafunike kwa gunia bichi. Akaniambia pole, mwalimu, akaondoka.

Jumatatu, 12 Mei
Shamba limefunguliwa. Hakuna aliyenipigia simu.

Nimepewa mkongojo wa mbao. Kishikio kinacheza. Muuguzi ameahidi kuniletea mwingine kesho. Kesho! Nimemwambia asijisumbue, anipe tu beseni la maji.

Okari amegeukia upande wa pili.