Kumnenepesha Siagi

Jumapili, 6 Oktoba

Tumempima Siagi leo. Gramu 1,240. Shemeji aliisoma mizani mara tatu, kana kwamba mimi ningeweza kuihonga.

Niandike vizuri, nisije nikajisahau. Siagi ni chatu wa marehemu mke wangu, wa ile aina fupi, yenye haya, inayojikunja kama mpira ikiguswa. Ana rangi ya manjano iliyopauka, ndipo jina lilipotoka. Mke wangu alimlea tangu akiwa mwembamba kama kalamu. Alisema ndani ya damu yake kumejificha mabaka meupe, na kwamba akipandishwa na dume mwenye mabaka, baadhi ya watoto watatoka kama waliopitishiwa brashi ya chokaa. Alitamani sana kuwaona. Aprili tulimzika.

Dume mwenyewe ni wa shemeji, kaka yake marehemu. Mwisho wa mwezi anaazimwa na mfugaji wa mji mwingine, mpaka mwakani. Nikasema basi tumpandishe Siagi sasa. Shemeji akasema jike hapandishwi chini ya kilo moja na nusu, na hata akifika hapo, kwanza atimize miaka mitatu. Siagi ana miwili. Akasema dada yake alipanga mwakani. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mimi ni fundi wa makochi. Nimejaza sifongo viti vya nusu ya mji huu. Kunenepesha kitu ndiyo kazi yangu.

Nilimng'ang'ania hadi akalegea. Siagi akifika uzito, ataleta dume Jumamosi ya tarehe 26, tuwaweke pamoja tuwatazame tu. Hilo neno "tu" nimeamua sikulisikia.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango umeanza. Siagi hula panya mmoja kwa wiki. Sasa atakula watatu. Hesabu haina ubishi.

Kumlisha ni kazi ya binti yangu, mama yake alimwachia. Lakini binti anauza dawa kwenye famasi ya kona, harudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nikamtoa panya mmoja wa akiba kwenye friza, nikamyeyusha kwa maji ya vuguvugu, nikamshika kwa koleo kama nilivyokuwa nikimwona marehemu akifanya. Siagi akatulia, akanyoosha shingo, akamrukia.

Hajawahi kula mkononi mwangu. Niligeuka nimwambie mtu. Kiti cha marehemu kilikuwa pale pale, na shali yake juu.

Nikaosha koleo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Panya wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Alimmeza kwa taabu. Sasa anaonekana kama soksi iliyotiwa kiatu.

Binti ameuliza mbona friza imepungua. Nikasema nimeipanga upya. Akasema vitu havipungui kwa kupangwa. Nikasema inategemea nani amepanga. Hakucheka. Siku hizi simchekeshi.

Nimemshonea Siagi pango la mahameli nyekundu, mabaki ya kochi la daktari wa meno. Nimelitia sifongo pande zote. Hakuingia hata kichwa. Alilala juu yake. Hana shukrani, kama shemeji.

Jumamosi, 12 Oktoba

Gramu 1,455! Nikampigia shemeji papo hapo. Akauliza Siagi alikula lini. Nikasema si muda mrefu. Akauliza kama huo uzito ni wa nyoka au wa panya. Nikasema simu inakatika.

Haikuwa inakatika. Nilimbeba tena Siagi kwenye mizani kuhakikisha, kisha mara ya tatu kwa raha zangu. Mara ya tatu akafungua kinywa, akamtapika panya wa jana juu ya mahameli. Harufu yake siiandiki. Nilifungua madirisha yote, nikamwambia binti kwamba ni bomba la choo. Akapiga simu kwa fundi bomba. Fundi amekuja, amesema bomba letu ni zima kabisa, na amenipongeza.

Najua kanuni. Nyoka akitapika aachwe wiki mbili bila kulishwa, tumbo lipone. Marehemu aliniambia akiwa kitandani, wiki zake za mwisho, alipokuwa akinielekeza mambo ya Siagi moja moja. Nilikuwa naitikia. Sikuwa nasikiliza sana. Nilikuwa naangalia mikono yake ilivyokonda.

Lakini wiki mbili zinatufikisha tarehe 26 yenyewe. Haiwezekani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimelipata suluhisho. Joto.

Chatu hana joto lake mwenyewe. Tumbo lake hufanya kazi kwa joto analolipata chini yake. Kwa hiyo joto likizidi, kazi inakwenda mbio. Chini ya kasha analoishi Siagi kuna mkeka wa umeme wenye kitufe cha kupunguza na kuongeza. Nimekizungusha mpaka kikagoma kwenda mbele. Ajabu kwamba shemeji na utaalamu wake wote hajaliwaza hili.

Kisha nikampa panya. Akamkataa, akaficha kichwa katikati ya mikunjo yake. Nikamgusagusa na yule panya puani, mara nyingi, mpaka akauma kwa hasira. Akishauma humeza. Nimeuhesabu kuwa ushindi, ingawa nilitoka chumbani bila kumtazama.

Shemeji angejua, angesema nina haraka. Ni kweli nina haraka. Mke wangu alikuwa na subira ya kutosha watu wawili. Alisubiri majibu ya vipimo, alisubiri dawa zifanye kazi, alisubiri Siagi akue. Nataka kimoja tu kati ya vitu alivyovisubiri kifike katika nyumba hii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Binti amerudi mapema. Famasi ilikatikiwa umeme. Nilikuwa karakana nikigongelea misumari, nikasikia ananiita kwa sauti ya chini. Nilitamani iwe sauti ya juu.

Siagi alikuwa ametapika tena. Amelala kichwa ndani ya bakuli la maji, kinywa wazi.

"Baba, umempa nini?"

Nikasema chakula.

"Mara ngapi?"

Nikasema nilikuwa namsaidia. Akaweka kiganja kwenye sakafu ya kasha, akakiondoa haraka. Akakitazama kiganja, kisha akanitazama mimi. Akachomoa waya ukutani.

Kwenye teksi alimpakata Siagi ndani ya sanduku. Mimi nilibeba pango la mahameli. Hakuna aliyeniagiza.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja mwenye miwani, mpole. Alimgeuza Siagi kwa vidole viwili. Ngozi ya tumbo imeungua. Koo limechubuka kwa kutapika. Maji mwilini yamekwisha. Akasema abaki kwake, atamtia maji kwa sindano. Nikamweleza kwamba tuna miadi na dume tarehe 26. Alidhani sikumwelewa, akarudia yote tangu mwanzo. Binti akamwambia, "Amekuelewa, daktari. Ndivyo alivyo."

Jumamosi, 19 Oktoba

Siagi amekufa asubuhi.

Daktari alituonyesha sehemu yenye uvimbe kwenye picha. Alisema kile nilichokuwa nakipima hakikuwa kukua. Kilikuwa chakula kisichosagika, na mafuta yaliyoanza kuzonga ini. Mifupa yake bado ilikuwa ya nyoka mchanga. Hata angefika kilo mbili, mayai yangemkwama. Alisema hivyo bila kunilaumu. Nikamshukuru. Nikamshukuru tena mlangoni.

Shemeji alikuja na jembe lake. Alichimba nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, mahali ambapo marehemu alikuwa akimtoa Siagi aote jua. Nilileta lile pango la mahameli, nimelifua. Binti akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akarudi na shali ya mama yake, ile ya kwenye kiti. Akamfunga nayo. Siagi aliingia vizuri mle, amejikunja mpira kama alivyokuwa akijikunja mgeni akija.

Tulipomaliza shemeji alikaa chini, mikono ina udongo. Akasema na yeye ana makosa, kwamba asingetaja tarehe 26 nisingepata wazimu. Wiki mbili nzima nimengoja kumsikia shemeji akikiri kosa. Sikujua nilifanyie nini. Nikamletea maji anawe.

Binti alibaki amesimama. Nikamwambia nilitaka mama yake apate alichokisubiri.

Akasema, "Mama alijua hatawaona watoto wa Siagi, Baba. Aliniambia. Alisema ameniachia mwaka mmoja na nusu wa kumlisha na kumpima, ili niwe na sababu ya kuamka. Mimi ndiye niliyekuwa nawasubiri."

Halafu akaingia ndani, akaanza kuosha bakuli la Siagi. Aliliosha kwa muda mrefu sana. Shemeji alinishika bega, akaondoka na jembe.

Nimelia karakanani, ndani ya kochi ambalo halijapigwa kitambaa. Sifongo hainyonyi sauti kama watu wanavyodhani. Jirani alikuja kuuliza kama nimejigonga kidole. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 22 Oktoba

Binti amerudi kazini. Ninachokiona hakinipendezi. Tangu Jumamosi anakula kama ndege. Jana sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Sketi imemlegea kiunoni, ameikaza kwa pini.

Nimemwuliza shemeji. Akasema nimwache, huzuni haisukumwi, atarudi kula mwenyewe siku yake ikifika. Shemeji dawa yake kwa kila jambo ni kusubiri. Nadhani hata nyumba yake ikiwaka moto atavuta kiti.

Mimi ni baba. Siwezi kukaa nikitazama. Nimetulia, nimefikiri, na nimepanga. Asubuhi nilimwekea mayai mawili badala ya moja. Alikula nusu ya la kwanza, akasema, "Baba, sina njaa, taratibu tu." Alipoinama kuvaa viatu nikamwongezea la tatu, na mengine mawili nikayatia kwenye mkoba wake. Saa sita nitampelekea chakula famasini, na saa kumi tena. Jioni supu na mkate, na nitakaa mbele yake mpaka amalize.

Safari hii nimepiga hesabu vizuri. Tukienda hivi, Jumamosi atakuwa amepona.