Chombo Chenu Kimeniita Kuku

Ndung'u Gachau,
Kalimoni,
kupitia Posta ya Juja.

14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Banda Erevu,
Ruiru.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: OMBI LA KUNG'OLEWA KWA CHOMBO KINACHOSIKILIZA

Natumai u mzima wa afya. Kama si mzima, basi nina hakika chombo chenu kimeshakutangaza.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai hapa Kalimoni, mwaka wa kumi na tisa huu, na kabla ya mambo haya nilikuwa na kuku mia nne na kumi. Mwezi wa Aprili binti yangu Emmah, anayeishi Kahawa Sukari na anayeamini kwamba baba yake hawezi kujua banda lina baridi mpaka aambiwe na simu, alininunulia kile kisanduku chenu cheupe. Fundi wenu, Bwana Musau, alikitundika juu ya mlango wa banda akanieleza kazi zake. Kinapima joto. Kinapima unyevu wa maranda tunayowatandikia kuku. Kinanusa mbolea. Zaidi ya yote kina sikio, na kikisikia kuku akikohoa kinatuma ujumbe kwenye simu kabla ugonjwa haujaenea. Nilimshukuru, nikampa chai na mayai sita. Mayai hayo naomba myahesabu kama zawadi iliyotolewa kwa makosa.

Niseme mapema, msije mkaambiwa na wengine, kwamba mimi mwenyewe nakohoa kidogo. Nimekohoa tangu Februari. Ni vumbi la banda. Mke wangu Wamboi anataka niende hospitali, Emmah anataka niende hospitali, mimi sitaki. Hilo lilikuwa jambo la nyumbani kwetu, na nilikuwa nikishinda, mpaka chombo chenu kilipohamia upande wao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu yenu iliomba nambari za watu wanne wa kuarifiwa. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika nchi hii anajua fomu hujazwa vipi: huandiki watu ovyo, unaandika watu wenye uzito. Niliandika kama nilivyoandika katika fomu ya basari ya masomo ya Emmah, yaani mke, mtoto, mchungaji na naibu wa chifu. Bwana Musau aliiona akaipiga picha, akaituma hivyo hivyo. Kwa hiyo tangu Aprili Mchungaji Njau anapata habari za kinyesi cha kuku wangu mara mbili kwa siku. Ujumbe wa "Maranda yameloa, geuza leo" ulimfikia akiwa mazishini, amebeba udongo mkononi. Naibu wa chifu naye hujibu kila ujumbe kwamba umepokewa na unashughulikiwa. Hajawahi kuja kugeuza maranda.

2. Tarehe tatu Juni, asubuhi, ujumbe ukaja: "TAHADHARI. Kikohozi kimesikika. Ndege mgonjwa: 1. Mkubwa. Yuko karibu na mlango. Mtenge na wenzake." Niliacha chai. Niliwakamata kuku wote mia nne na kumi, mmoja mmoja, nikawatazama macho, nikawafunua midomo, nikawawekea sikio kifuani. Nilidonolewa mahali ambapo siwezi kuandika kwa mtu wa cheo chako. Wote walikuwa wazima. Kesho yake chombo kikaandika: "Kikohozi kimezidi."

Nikamwita daktari wa mifugo, Bi Kavindu, kutoka Juja. Akafika kwa dakika arobaini. Akamchagua kuku mmoja akamchinja ili amkague mapafu. Yalikuwa safi kabisa, mapafu ya kuonyesha wageni. Tulimla tukiwa na huzuni. Lakini kabla ya hapo, tulipokuwa tukitoka bandani, nilikohoa kidogo kama kawaida yangu, na simu ikalia papo hapo. Bi Kavindu akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu. Halafu akaniuliza kama nimepungua uzito. Mtu amesomea ng'ombe na kuku miaka mitano, anaanza kuuliza mambo yasiyo ya idara yake!

3. Jumapili iliyofuata Mchungaji Njau, aliyekuwa amepata ujumbe wote huo, alitangaza madhabahuni kwamba tumwombee kuku mmoja wa Mzee Ndung'u ambaye ni mgonjwa lakini hajulikani ni yupi. Kanisa likainamisha vichwa. Katika ule utulivu nikakohoa. Vichwa vikainuka, vyote, vikanigeukia.

Jumatano wakaja akina mama wa kanisa kumtazama mgonjwa, kama ilivyo desturi yetu, na unga, sukari na uji ndani ya chupa. Niliwaeleza kwa heshima kwamba kuku wako kule nyuma. Hakuna aliyenyanyuka. Walikaa sebuleni kwa muda wa saa mbili wakiniangalia mimi, wakaimba, wakaniachia uji. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeuliza kuku anaendeleaje.

4. Hili la nne ndilo lililonitoa usingizi. Emmah aliwaomba rekodi za banda, nanyi mkampa! Mkampa na mchoro wa rangi. Unaonyesha kwamba kuku huyo hukohoa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi na moja na nusu jioni tu, yaani saa zangu za kulisha. Jumapili asubuhi, Wamboi anapolisha ili mimi niwahi kwaya, hakohoi. Alhamisi nikienda Thika kuchukua chakula cha kuku, hakohoi mpaka nirudi. Emmah akaniandikia: "Dad, ni kuku gani huimba kwaya na kwenda Thika Thursday? Wacha story. Twende hosi." Huyo ndiye mtoto niliyemsomesha kwa mayai.

Wamboi akaamua kufanya utafiti wake. Alilisha yeye siku tatu, chombo kikanyamaza kama kimekufa. Siku ya nne nikaingia mimi, kikapiga kelele kabla sijamaliza debe la kwanza. Nikajaribu kukohoa nje ya banda halafu niingie. Nikajaribu kukoholea ndani ya koti. Nikajaribu kubana pumzi mpaka nikaona nyota mchana, na chombo chenu, badala ya kunihurumia, kikaandika: "Ndege anapumua kwa shida." Ujumbe ukaenda kwa wote wanne. Naibu wa chifu akajibu kwamba unashughulikiwa.

5. Baada ya hayo yote nimekaa nikafikiri kwa makini, na nimefika mahali pa haki. Kama kampuni yenu imeamua kwamba mimi ni kuku, sawa, sibishani na sayansi. Ila nipewe haki zote za kuku. Kuku wangu hajawahi kupanga foleni. Daktari humfuata alipo kwa dakika arobaini. Hakuna anayemuuliza kadi ya bima, wala kumwambia mtandao umepotea arudi Jumatatu. Analala kwenye joto la nyuzi ishirini na mbili, wakati chumba changu mwezi huu wa Julai kinaweza kuhifadhi maziwa. Mgeni akija kumwona, lazima kwanza akanyage maji ya dawa pale mlangoni, ilhali akina mama wa kanisa waliingia kwangu na matope yao. Basi mnipangie na mimi nafasi karibu na vyombo vya maji. Chakula chao nakijua, nitavumilia.

Na kuna haki moja ya kuku ambayo naitaka kuliko hizo zote. Kuku hajui.

Hapa naomba kuacha kejeli kidogo. Ndugu yangu Kagwe alianza kukohoa hivi hivi. Tulimpeleka mwishowe, akaingia wodini akitembea kwa miguu yake, na siku ya tisa wakatuita. Walituambia alichelewa kuja. Kagwe alikuwa mtu wa kufika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Hakuwahi kuchelewa mahali popote katika maisha yake isipokuwa pale, na alichelewa kwa sababu mimi nilimwambia ni vumbi. Kwa hiyo naogopa, Bwana Meneja. Nimeliandika, limekwisha. Bandani ndiko nilikokuwa nakwenda ili nikohoe bila kutazamwa na mtu, na nyinyi mmeniwekea sikio hapo hapo.

Kwa sababu hizo nataka mambo matatu. Kwanza, mwandike barua rasmi kwa mke wangu, binti yangu, mchungaji na naibu wa chifu, yenye muhuri, ikithibitisha kwamba mimi si ndege. Pili, chombo kifundishwe kutofautisha kuku na mzee wa kanisa, na kama hakifundishiki, kizibwe masikio kwa pamba. Tatu, Bwana Musau aje Ijumaa hii kukiondoa. Ameniambia kwa simu kwamba hawezi kukigusa bila barua yenye sahihi ya mteja, basi barua ndiyo hii na sahihi ndiyo hiyo hapo chini.

Nisalimie wafanyakazi wote wa hapo Ruiru, hasa yule anayechora michoro ya rangi. Wasalimu na watoto wako. Mungu awalinde na vyombo.

Mimi niliye wako katika kufuga, wala si katika kufugwa,

Ndung'u Gachau,
Binadamu.

Nyongeza, tarehe 11 Agosti.

Barua hii haikuwahi kupostiwa mpaka leo. Siku ile ile niliyoiandika Emmah alijitolea kunipeleka posta kwa gari lake. Posta iko Juja. Gari halikusimama Juja. Lilisimama Thika, mbele ya mlango wa hospitali, na Wamboi alikuwa kiti cha nyuma na begi la nguo zangu.

Ni kifua kikuu. Nimeanza dawa, nitazimeza miezi sita. Daktari alisema bado tuko ndani ya wakati, na nilimwomba alirudie hilo neno, akalirudia. Nimerudi nyumbani, nala, na suruali imeanza kunishika kiunoni. Bandani sijakanyaga tangu siku ile, nimekatazwa.

Kwa hiyo naomba Bwana Musau asije. Chombo kibaki palepale, na pamba mliyoisoma huko juu msiitie maanani. Kama mna kingine kama hicho, nileteeni nikitundike jikoni.

Sababu ni hii. Daktari aliagiza watu wote wa nyumba wapimwe. Emmah alipimwa, ni mzima. Wamboi, ambaye ndiye anayelisha kuku sasa, anasema ana kazi nyingi, ataenda wiki ijayo. Tangu Jumamosi, tarehe mbili, chombo kimeandika kila siku, asubuhi na jioni: "Ndege mgonjwa: 1. Yuko karibu na mlango." Nimemuuliza. Anasema amepaliwa na chai. Amepaliwa siku tisa mfululizo, na mimi naogopa kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Tafadhali, Bwana Meneja, msikinyamazishe hata dakika moja. Tumeni kwa wote wanne, na kwa mchungaji mtume mara mbili, asome Jumapili, ataje jina.