Kipanya cha Bluu cha Delphine

Jumatatu, Februari 5
Habari mbaya. Mama yake Delphine amepata kazi hospitalini, katika mji wa Moncton. Wanahama Jumamosi. Delphine ndiye mtu pekee anayekaa nami kwenye meza ya dirishani maktabani. Aliniambia huku akifunga mkoba. Nikamjibu kwamba bahari ikijaa, maji ya mto wa Moncton hurudi kinyume. Mto! Kisha nikaenda zangu.

Jumanne, Februari 6
Mpango! Klabu ya kompyuta imenipa kipanya cha bei rahisi nikipime, niandike tathmini katika gazeti la shule. Baadaye ni changu. Taa zake hugeuzwa rangi upendavyo, na vitufe vya pembeni hupangiwa kazi yoyote. Nimekiweka bluu, rangi ya koti lake. Kitufe cha juu nimekipangia kuandika sentensi nisiyoweza kuitamka: "Ukiondoka, sina mwingine wa kukaa naye." Nimebonyeza. Imetoka kwenye skrini bila kigugumizi! Nitampa kiwe zawadi. Atabonyeza, atasoma, basi.
Dada yangu Saara kaniuliza kama mdomo nilipewa uwe pambo tu. 

Alhamisi, Februari 8
Aibu. Kidole kiliteleza kwenye kitufe cha juu nikimalizia insha ya historia ya biashara ya manyoya, sentensi ikaingia humo. Mwalimu, Bi Pelletier, kaniita pembeni, akauliza kwa upole ni mfanyabiashara gani wa manyoya aliyesema maneno yale. Nikasema vyanzo vinatofautiana. Kanipa tishu.

Ijumaa, Februari 9
Siku yake ya mwisho shuleni. Keegan, golikipa wa hoki, kamletea maandazi yenye sukari ya waridi, akamwambia mbele ya wote kwamba watamkumbuka, asiwasahau. Hakuna ufundi wowote! Delphine akalia, akamkumbatia.
Nikangoja wamalize. Nikampa boksi. Nikamwambia abonyeze kitufe cha juu akifika. Akasimama mlangoni, mlango wazi, theluji ikiingia. Nikamwambia baridi inaingia. Akaenda.

Alhamisi, Februari 15
Ujumbe kutoka Moncton! Anashukuru. Taa zinapita rangi zote kama upinde wa mvua. Kitufe cha juu kinamrudisha ukurasa wa nyuma.
Upinde wa mvua?
Nimesoma maelekezo upya, maandishi madogo kabisa. Mipangilio haikai ndani ya kipanya. Hukaa kwenye kompyuta iliyotumika kuipanga. Yaani yangu. Nimefungua programu. Bluu ipo. Sentensi ipo.
Mwishoni ameandika: "Arvo, pale mlangoni nilikuwa nangoja useme kitu. Ulitaka kusema nini?"
Nimeandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Nikajibu kwamba nilitaka kujua kama kinateleza vizuri mezani.

Ijumaa, Februari 16
Kajibu. Kinateleza vizuri. Hakuongeza neno.
Meza ya dirishani nilikaa peke yangu. Kiti chake wamekichukua watu wa klabu ya chesi.
Saara anasema namba ya Delphine iko pale kwenye mlango wa friji, nipige simu niseme. Saara haelewi. Kwenye simu huwezi kufuta na kuandika upya.
Tathmini nimemaliza: nyota mbili. Chepesi, kinang'aa, hakina kumbukumbu. Ila nimeona kibodi inayohifadhi mipangilio ndani yake yenyewe, popote iendako. Taa chini ya kila herufi! Itabeba hata sentensi ndefu. Nitaipima kwa makini, nisikosee bluu. Mpaka kiangazi itakuwa tayari kutumwa Moncton.