Kontrola Badala ya Beberu

Githongo, Meru
Jumanne

Kwa Mzee Njagi wa Kanja, mwalimu mkuu mstaafu na, Mungu akipenda, baba mkwe wangu,

YAH: KONTROLA KATIKA ORODHA YA MAHARI

Nakusalimu kwa heshima kubwa, wewe pamoja na mama.

Baba, tumeisoma orodha ya mahari mliyotutumia. Asali, sawa. Mablanketi ya shangazi, sawa. Kondoo ameshanona. Lakini kwenye nambari nne, mahali ambapo tangu enzi za mababu pamekuwa pa beberu, tulikuta "kontrola moja ya gemu, ile ya bei ya juu, isiwe feki." Mjomba Kithaka, msemaji wetu, akauliza kama inatakiwa dume au jike, na kama ni lazima iwe ya rangi moja isiyo na mabaka. Ndiyo maana nakuandikia.

Nampenda binti yako Ciakuthii, na Jumamosi tukija kwako nataka nirudi nikiwa mkwe anayetambulika. Basi yapokee malalamiko haya kama ya mtu asiyetaka kabisa kukosana nawe.

1. Bei. Nilienda Meru mjini kwa Liban, muuza vifaa vya umeme, mtu mwaminifu. Alinionyesha kidude cha kuchezea mpira wa kwenye televisheni, kinachoenea viganjani: shilingi elfu ishirini na nane! Beberu wa elfu kumi na sita namjua mpaka ukoo wake. Na kwenye rafu ya chini kulikuwa na kontrola ya elfu tatu, yenye vitufe vya kupiga mpira vilevile, na goli likiingia ni goli.

2. Eti ile ghali hutetemeka mchezaji wako akikwatuliwa. Baba, mimi huzungusha mashine ya kumenya kahawa kwa mkono kila msimu. Natetemeka kuanzia vidoleni hadi kwenye meno, na sijawahi kutozwa hata ndururu.

3. Ina vitufe viwili vya ziada upande wa nyuma. Wewe mwenyewe ulituambia vidole hukuuma baridi ya Kanja ikizidi. Hivyo vya nyuma atavibonyeza nani?

4. Vijiti vyake vya kuongozea mchezaji vikichakaa hung'olewa na kuwekwa vipya, jambo ambalo Liban alilisifu sana. Pembe za beberu hazing'olewi, ni kweli, lakini sijasikia zimechakaa kwa kusukumwa kushoto na kulia.

5. Beberu mmoja huacha watoto kijiji kizima. Kontrola, hata ukiifungia na mwenzake kwenye droo moja mwaka mzima, utazikuta mbili.

6. Hili ndilo linaloninyima raha. Siku ya kukata bega la mbuzi mbele ya wazee, ili ijulikane Ciakuthii ni mke wangu, tutakata nini? Mjomba Kithaka anasema yuko tayari kujaribu kwa msumeno. Na jirani yetu Gedion, mwenye mabinti watano, ameshaanza kuulizia bei za televisheni za ukutani. Tukilegeza hapa, vijana wa huku kwetu Imenti wataoa kwa mkopo wa benki, na mbuzi wetu watakufa kwa uzee.

7. Mwisho, na unisamehe: kontrola moja tayari unayo. Niliiona juu ya televisheni, imezungushiwa tepu. Mtu ana mikono miwili tu. Ya pili utaishika na nini?

Kwa hayo yote, naomba beberu arudishiwe nambari yake.

Msalimie mama, shangazi wote wa mablanketi, na majirani walioketi nasi siku tulipokuja kujitambulisha. Ni mimi, ninayengoja jibu lako kuliko ninavyongoja malipo ya kahawa,

Naftaly Mithika

N.B. Kabla ya kuifunga barua nilimsomea Ciakuthii kwa simu. Alicheka mpaka nambari sita. Tulipofika nambari saba akaniambia kwamba kila Jumapili mkitoka kanisani wewe na yeye hupokezana hiyo kontrola moja yenye tepu, na kwamba akiondoka utabaki nayo wewe. Ile mpya si yako. Ni ya mkwe wako akija, kwa sababu hutaki akae sebuleni kama mtu aliyeitwa na chifu, na ulisema mkwe hapewi kikombe chenye ufa.

Baba, nimeona aibu. Nimerudi kwa Liban nikainunua ile ghali. Nimeijaribu palepale, Liban akanifunga magoli manne, na kule kutetemeka kwa kontrola, nakiri, si sawa na kwa mashine ya kahawa. Beberu anakuja pia.

Jumamosi wazee wangu watafika saa nne. Mimi, ukiniruhusu, nitafika saa mbili, kontrola mkononi.